MIZIGO IKO PUGE, WAPAGAZI WAKO DAR ES SALAAM

Msafiri atokaye Tabora kwenda Nzega hufika Puge akiwa amekwisha kwenda kilometa 56, na mbele yake zimebaki kilometa 58 na ushei. Hivyo ndivyo wahandisi walivyoigawa barabara ile ilipotiwa lami katika miaka ya 2010: sehemu moja Tabora hadi Puge, ya pili Puge hadi Nzega. Puge ikawa nusu ya njia. Wala si mara ya kwanza kwa nchi hii kuwa njiani. Misafara ya karne ya 19, ile iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, na ile iliyopinda kaskazini kutoka Tabora kuelekea Ziwa, ilikwenda kwa mabega ya watu wa Unyamwezi. Kijana ambaye hajapata kwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa bado hajakomaa.

Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, na mwendo wa kutoka pwani hadi Tabora ulichukua miezi miwili au mitatu. Hata hivyo liko jambo ambalo husahauliwa mara nyingi na wanaosimulia habari za misafara. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mtumwa. Alipatana ujira kabla ya kuugusa mzigo, akajua atapewa doti ngapi za merikani na posho gani ya njiani, na tajiri alipovunja mapatano, mzigo ulikutwa asubuhi umelala peke yake. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu Machi hadi Agosti akiwangoja wapagazi kutoka pwani. Vitu vilikuwapo. Watu wa kuvichukua ndio hawakuwapo.

Hatuyakumbushi haya kwa kupenda hadithi za kale. Hali ile ya Kwihara ndiyo hali ya zahanati nyingi za vijijini katika Mkoa wa Tabora na mikoa mingine ya magharibi: jengo lipo, kitanda cha kuzalia kipo, dawa mara zipo mara hazipo, lakini muuguzi ni mmoja, naye usiku wa jana hakulala. Wakati huo huo, katika Jiji la Dar es Salaam wako wauguzi wenye vyeti halali na leseni halali ambao wanazunguka na bahasha kwapani wakitafuta mahali pa kufanya kazi, hata kama ni bila mshahara. Jambo hili halina budi kusemwa waziwazi, maana kila mwaka vyuo vyetu vinatoa wahitimu wengine, na kila mwaka wazazi wa Puge, Ndala na Bukene wanauza ng'ombe ili kulipa ada.

Safari yenyewe si mpya. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya upagazi ilikufa, lakini tabia ya kwenda kutafuta haikufa. Vijana waligeukia mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakawa manamba, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba wakawa na ofisi yao ya kuwakusanya, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mpagazi alipatana ujira wake mwenyewe. Manamba alipewa namba na karatasi aliyoitia dole gumba bila kuisoma. Tofauti hiyo si ndogo, na tutairudia baadaye, kwani anayesafiri leo ni binti au kijana mwenye elimu, na tunataka kujua yeye anasafiri kwa mtindo upi kati ya hiyo miwili.

Tuseme yuko binti mmoja wa Puge. Amemaliza kidato cha nne akiwa na alama za kutosha katika Biolojia na Kemia, amesoma uuguzi miaka miwili akapata astashahada, au mitatu akapata stashahada. Amefanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, amepata leseni. Anarudi nyumbani, anapiga goti na kumwamkia baba yake, 'Mwangaluka, baba.' Baada ya wiki moja baba anauliza, 'Mwanangu, Serikali inakuita lini?' Binti hana la kujibu. Mwezi wa tatu mjomba wake aliyeko Gongo la Mboto anapiga simu: njoo mjini, huku hospitali ni nyingi.

Mjomba hasemi uongo. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, na Mkoa wa Tabora, ambao eneo lake ni kubwa mara nyingi kuliko lile, ulikuwa na watu 3,391,679. Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, iko huko. Amana, Temeke na Mwananyamala ziko huko. Juu ya hizo kuna hospitali za mashirika ya dini, za jumuiya mbalimbali, za makampuni na za watu binafsi, na kila mtaa una zahanati yenye msalaba mwekundu mlangoni. Wingi huu una historia yake. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku uganga wa kibiashara, kwa msimamo kwamba ugonjwa wa mtu usiwe mtaji wa mwingine. Mwaka 1991 sheria hiyo ilirekebishwa, milango ikafunguliwa. Hospitali za kulipia zikaota, nazo ziliota mahali palipo na watu wenye fedha za kulipa. Hazikuota Puge. Hili si lawama kwa wenye hospitali, maana mfanyabiashara hufuata soko. Ila ni vizuri tukumbuke kwamba ramani ya nafasi za kazi za wauguzi wa sekta binafsi nchini mwetu ilichorwa na mifuko ya wagonjwa. Idadi ya wagonjwa haikuulizwa.

Basi binti anapanda basi. Na hapa ndipo tunapotaka wazazi na vijana wasikilize kwa makini, kwa sababu yanayosemwa vijiweni juu ya mshahara wa mjini ni mengi, na mengi yake hayana msingi.

La kwanza, mshahara wa Serikali hauna mji wala kijiji. Mtumishi wa afya hulipwa kwa ngazi za mishahara zinazojulikana kwa kifupi kama TGHS. Mwenye astashahada huajiriwa kama Muuguzi Daraja la Pili katika ngazi ya TGHS A, mwenye stashahada huanza kama Afisa Muuguzi Msaidizi katika TGHS B, na mwenye shahada kama Afisa Muuguzi katika TGHS C. Ngazi hizo ni zile zile, awe kazini katika halmashauri za jijini au katika zahanati ya kijiji cha Nzega. Wapo vijana wanaodhani kwamba ajira ya Serikali ya Dar es Salaam ina mshahara wake mnono kuliko ajira ya Serikali ya Tabora. Haina. Anayepangwa mjini hupata mshahara wa msingi sawasawa na mwenzake wa kijijini, kisha akapanga chumba kwa bei ya mjini, akapanda daladala mbili kwenda kazini na mbili kurudi, na akanunua mboga ambayo mama yake huichuma nyuma ya nyumba.

La pili, mshahara ulioandikwa siyo mshahara unaofika mkononi. Katika kila shilingi 100 za mshahara wa mtumishi wa umma, shilingi 5 huenda katika mfuko wa pensheni wa PSSSF, 3 huenda bima ya afya, na 2 huenda chama cha wafanyakazi kama TUGHE ikiwa yeye ni mwanachama. Aliyesoma shahada kwa mkopo hukatwa 15 nyingine na Bodi ya Mikopo. Hizo ni 25 tayari, na kodi ya mapato bado. Kodi hiyo huanza kukatwa mshahara unapovuka shilingi 270,000 kwa mwezi. Hatusemi makato haya ni mabaya. Pensheni ni yake, bima ni yake, na mkopo uliolipwa humsomesha mdogo wake. Tunachosema ni kwamba kijana apige hesabu yake kwa fedha zinazobaki.

Kima cha chini cha mshahara wa Serikali kilipandishwa mwaka 2022 kwa asilimia 23.3, kikafika shilingi 370,000, na kuanzia Julai 2025 kikapandishwa tena kwa asilimia 35.1 hadi 500,000. Hilo lilikuwa jambo jema, na wafanyakazi walilipokea kwa shangwe siku ya Mei Mosi. Lakini kima cha chini ni sakafu, hakihusu wauguzi peke yao, na wala hakimfungi mwenye hospitali binafsi, ambaye ana kima chake kinachowekwa na amri ya mishahara ya sekta binafsi, na hicho kiko chini zaidi.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo ni hali ya sekta binafsi yenyewe. Ziko hospitali za jijini zinazomlipa muuguzi vizuri kuliko Serikali. Hizo ni chache, zinataka uzoefu wa miaka, na nafasi zake hazipatikani kwa kubisha hodi. Zilizobaki ni nyingi, ndogo, na hulipa kile mwenye nayo anachoona kinafaa. Hapa binti wa Puge hukutana na mambo ambayo chuoni hakufundishwa. Anaambiwa aanze kwa majaribio miezi mitatu bila karatasi. Anaambiwa zamu ya usiku ni saa 12, kwa kuwa wenzake wawili wameacha kazi. Anaambiwa mwisho wa mwezi kwamba biashara ilikuwa mbaya, apokee nusu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikunyamaza juu ya mambo hayo. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Inaweka saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki. Saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, iwe na nyongeza ya asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28, na mzazi ana likizo ya siku 84 yenye malipo. Hayo yote ni haki yake hata kama hospitali ina vitanda sita tu. Tatizo ni kwamba binti hajaisoma sheria, mwenye hospitali ameisoma, na mkaguzi wa kazi hajapita mtaa ule. Hivyo basi, msomi wetu aliyepata leseni ya Baraza anageuka kuwa manamba: ana namba, hana mapatano. Babu wa babu yake, ambaye hakujua kusoma, asingekubali kuubeba mzigo kwa masharti ya namna hiyo.

Halafu kuna jambo linaloitwa kujitolea. Neno hili lilikuwa zuri katika nchi yetu. Wananchi walijitolea kufyatua matofali, kuchimba mitaro ya maji, na mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu karibu milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio na kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Kujitolea kwa siku zile kulikuwa na mwisho na kulikuwa na matokeo yaliyoonekana kwa macho. Siku hizi muuguzi mwenye leseni hujitolea wodini mwaka mmoja, miwili, mingine zaidi, kwa nauli tu au kwa kifungua kinywa, akitumaini kwamba ajira zikitangazwa uzoefu wake utahesabiwa. Hudunga sindano zile zile, huzalisha akina mama wale wale, huandika ripoti ile ile ya zamu, na akikosea lawama ni ile ile. Tofauti ni tarehe 25 ya mwezi. Sisi tunaona kwamba kazi inayoendelea kwa mwaka mzima si kujitolea tena. Ni ajira isiyolipwa, na inafaa iitwe kwa jina lake.

Mtu atauliza: kama wauguzi wapo wanaokaa bure, na zahanati za Nzega hazina wauguzi, kwa nini pande mbili hizi hazikutani? Swali hili ndilo kiini cha maoni yetu ya leo. Upungufu wa watumishi wa afya nchini umekuwa ukikadiriwa kwa miaka mingi kuwa karibu nusu ya mahitaji. Ikama iliyotolewa mwaka 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, na kituo cha afya wasiopungua 39. Mwananchi yeyote wa kijijini anayesoma takwimu hizi atacheka, maana zahanati anayoijua yeye ina watumishi wawili au watatu, na mmoja yuko semina.

Majengo tumejenga. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Mwaka 2021 tozo ya miamala ya simu ilielekezwa katika ujenzi wa vituo vya afya tarafani. Wananchi walichangia mchanga, mawe na nguvu zao. Lakini jengo hujengwa mara moja na mshahara hulipwa kila mwezi kwa miaka 30. Ndiyo maana ni rahisi zaidi kupata fedha za saruji kuliko kupata kibali cha ajira. Serikali ilipotangaza nafasi 21,200 mwezi Aprili 2023, kati ya hizo 8,070 zilikuwa za afya na 13,130 za ualimu, na waombaji walizidi nafasi hizo mara nyingi. Nafasi za afya 8,070 zikigawanywa kwa halmashauri zote za nchi na kada zote, ni wangapi waliofika katika kata moja? Kila mmoja anaweza kupiga hesabu hiyo mwenyewe.

Kwa hiyo tusiwalaumu vijana kwa kupenda mji. Lawama hiyo imezoeleka sana katika hotuba, na ni rahisi, maana aliyelaumiwa hayupo mkutanoni kujibu. Kijana wa Puge anayekwenda Dar es Salaam kujitolea wodini hajakataa kazi ya kijijini. Kazi hiyo haijatangazwa.

Wapo pia, na hao tunawajua, waliotangaziwa, wakaenda, wakaondoka. Nao wasikilizwe. Muuguzi mpya anayepangiwa kituo anastahili kulipwa nauli na posho ya kujikimu kwa siku zake za kwanza, kwa sababu mshahara wa kwanza huchelewa mpaka jina lake liingie katika orodha ya malipo. Posho hiyo inapokuja baada ya miezi, msichana wa miaka 23 ambaye hana ndugu pale kijijini anaishi kwa kukopa kwa mwenye duka. Hana nyumba, nyumba ya mtumishi ilijengwa msingi ikaachwa. Usiku anaitwa kuzalisha kwa mwanga wa simu. Posho ya kuitwa kazini nje ya zamu anaisikia kwa wenzake. Baada ya mwaka anaandika barua ya uhamisho akitaja afya ya mzazi wake. Barua hizo zinafanana sana, na wakubwa wa idara wanajua hivyo, nasi tunajua kwamba wanajua.

Historia ya karibu inatufundisha kwamba wauguzi hufuata masharti mazuri hata pasipo na taa za mji. Katika Mkoa wa Tabora, hospitali za mashirika ya dini ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya huduma vijijini kwa miaka mingi: Ndala, ambayo iko katika wilaya hii hii ya Nzega, Nkinga iliyoko Igunga, Sikonge ya Wamoraviani. Serikali ilipopandisha mishahara ya watumishi wa afya katikati ya miaka ya 2000 na kuajiri kwa wingi, hospitali za mashirika nchini zilipoteza wauguzi waliohamia serikalini, ingawa wengine walihamia vijiji vya mbali kuliko walikotoka. Hawakufuata mji. Walifuata mshahara wenye uhakika na pensheni. Hali kadhalika Taasisi ya Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, iliwapeleka wataalamu wa afya katika wilaya ngumu kwa mikataba yenye malipo yanayoeleweka, na wataalamu walikwenda.

Majirani zetu wa Kenya walipitia somo chungu zaidi. Baada ya huduma za afya kukabidhiwa serikali za kaunti mwaka 2013, mzozo juu ya mapatano ya mishahara ulikua hadi wauguzi wakagoma tangu Juni hadi Novemba 2017, karibu miezi mitano. Waliokuwa na fedha walikwenda hospitali za kulipia. Wasio nazo walizalia nyumbani. Hatuombi hayo yatufike, na hayatafika kwa kuomba tu.

Kuna pia soko la nje. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2020 kwamba dunia ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 27.9, na kwamba walipungua milioni 5.9. Nchi tajiri zinawatafuta. Tanzania iko katika orodha ya nchi ambazo shirika hilo limeomba wauguzi wake wasiwindwe na nchi nyingine. Orodha hiyo ni nzuri, lakini haimzuii mtu binafsi kuomba kazi atakako, na haipasi kumzuia. Mtu asiye na ajira kwao atashangaa sana kuambiwa kwamba yeye ni hazina ya taifa isiyoruhusiwa kutoka.

Je, lifanyike nini? Fedha za mishahara haziwezi kuota kama uyoga, hilo tunalikubali. Lakini yako mambo ambayo hayahitaji kungoja bajeti kubwa. Mojawapo ni uwezo wa halmashauri wa kuajiri kwa mkataba kutoka katika mapato yake ya ndani na makusanyo ya vituo vyenyewe. Baadhi ya halmashauri hufanya hivyo, kwa wauguzi wachache wachache. Nzega ni wilaya ya pamba, mpunga, tumbaku na ng'ombe. Kwa miaka mingi hadi mwaka 2014 ilichimbwa dhahabu kule Lusu. Wananchi wake wana haki ya kuuliza ni wauguzi wangapi wanalipwa na mapato hayo, na diwani anayeomba kura ajiandae kujibu kwa idadi. Mkataba huo ulipe mshahara wa ngazi ya Serikali. Usiwe wa posho ya kumtuliza mtu.

Jambo la pili linahusu vyuo. Wataalamu wamekwisha kuona katika nchi nyingi kwamba mtoto wa kijijini aliyesomea karibu na kwao ndiye anayekubali zaidi kubaki vijijini. Tabora ina mahali pa kumsomesha: Nkinga ina chuo, na hospitali ya mkoa ya Kitete iko mjini Tabora. Halmashauri ikimlipia ada binti wa Puge kwa makubaliano ya maandishi kwamba atafanya kazi wilayani kwa miaka kadhaa, na yenyewe ikijifunga kwa maandishi kumwajiri, pande zote mbili zimepatana ujira kabla ya kuugusa mzigo. Tunasisitiza pande zote mbili. Mikataba inayomfunga mwanafunzi peke yake na kuiacha halmashauri huru tumeiona, na haina faida.

Huko jijini, wakaguzi wa kazi watoke ofisini. Waende saa tano ya usiku, maana mchana kila hospitali ina orodha nzuri ya zamu ukutani. Baraza la Uuguzi na Ukunga lina orodha ya kila muuguzi mwenye leseni. Haitakuwa vigumu kwake kujua nani anafanya kazi wapi na nani anajitolea tangu lini. Vyama vya wafanyakazi vinavyokusanya asilimia 2 za walioajiriwa vifungue mlango kwa wasioajiriwa pia, kwa sababu muuguzi wa bure ndiye anayeushusha ujira wa mwenzake. Na kila tangazo la kazi ya uuguzi liandike mshahara. Maneno kwamba mshahara ni mnono na wa kuvutia hayamlipii mtu kodi ya miezi sita Mbagala.

Kwa kijana ambaye tayari amekwisha kununua tiketi, neno letu ni fupi. Nenda, ikiwa umeamua. Watanzania wana haki ya kuishi popote, na watani wetu Wazaramo wamewapokea Wanyamwezi tangu zama za misafara, hawatashindwa leo. Ila leseni yako iwe hai, mkataba uusome kabla ya kuutia sahihi, nakala yake ubaki nayo, na jina lako likiwa katika orodha ya kujitolea, jiwekee mwezi wa kusimama. Tangazo la Serikali likitoka, omba na nafasi za vijijini, hata za wilaya usizozijua.

Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Nzega tuna ombi moja linalohusu kibali kijacho cha ajira, kitakapotoka. Muuguzi atakayepangiwa vijiji vya Puge atashuka kwenye basi la kutoka Tabora akiwa na sanduku na godoro. Awepo mtu wa kumpokea pale kituoni akiwa na ufunguo wa nyumba mkononi, na posho yake ya kujikimu iwe imekwisha kuingia benki.